Kitu cha Nchi za Baridi

Kama ningekuwa mtu wa kusema, ningesema siku ileile makanika alipofunga boneti na kujifutia mikono kwenye suruali. Lakini mimi si mtu wa kusema. Shuleni walimu huandika kwenye ripoti yangu kwamba mimi ni mtulivu, na wazazi hulifurahia neno hilo kwa sababu hakuna anayeuliza ndani ya mtulivu kuna nini. Wiki ile ndani yangu kulikuwa na hasira. Niliiandika nyuma ya daftari la kemia, kidogokidogo, na sasa naiandika tena kwa mpangilio, maana bado haijaisha.

Makanika alisema hivi:

"Afande, hii injini imechoka. Mzee ni mzee, hata umpe dawa gani. Mimi niko na mtu Katwe anatafuta gari ya kuvunja, auze spea. Jumamosi nakuja naye."

Baba alifikiri kwa muda wa kumeza mate, akasema, "Sawa."

Basi. Gari la mama likawa limekwenda kwa neno moja, na mama mwenyewe alikuwa amesimama pale mlangoni na mwiko mkononi. Hakuulizwa. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mimi sikutegemea kuulizwa, lakini yeye?

Tunaishi kwenye nyumba za polisi upande wa Ntinda. Baba ni polisi, Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda, Mwislamu wa Ijumaa hadi Ijumaa. Mama ni Mkongo wa Kivu na anasali kwa walokole. Kiluganda cha baba ni cha kuamrisha tu, na Kiacholi cha mama ni salamu mbili, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili: baba na chake cha kambini, mama na chake cha Bukavu, na mimi nikakua katikati nikiokota huku na huku.

Gari ni la Kijapani, jeupe, lina umri unaonizidi. Kadi yake ina jina la baba, ila mtu anayelitumia ni mama. Kila siku kabla ya saa sita mchana anapakia masufuria, wali, maharage, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga, anapeleka Wandegeya kwa wanafunzi wa hosteli na kwa vijana wa maduka ya kuchapisha ambao hawawezi kuziacha mashine zao wakatoka kwenda kula. Kabla ya gari alikuwa akipeleka kwa boda, sufuria moja amepakata, nyingine imefungwa nyuma. Siku moja boda ilikwepa shimo na mchuzi wa maharage ukammwagikia pajani. Kovu lake lina umbo la ramani. Kwa hiyo tuliposikia "Jumamosi", mimi na mama tulisikia kitu kimoja: Jumatatu anarudi kwenye boda.

Ugonjwa wenyewe wa gari, ulioanza kidogokidogo mwaka jana ukazidi, ulikuwa hivi. Likiwa kwenye mwendo lilijikaza. Likisimama tu kwenye foleni, mguu ukitoka kwenye mafuta, linaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Vifuniko vya masufuria vinagongana huko nyuma. Linashuka, linapanda, linashuka, wakati mwingine linazima kabisa na wenye magari nyuma wanatupigia honi kana kwamba tumezima makusudi. Halafu ile harufu. Petroli mbichi ilikuwa inaingia ndani mpaka kwenye wali. Kijana mmoja wa hosteli alifunua sahani yake akanusa, akasema, "Mama, leo umepikia mkaa ama petroli station?" Wenzake walicheka, na mama akacheka nao, lakini njiani kurudi alifungua madirisha yote.

Makanika alikuja kulitengeneza mara nne. Ni mtu mwenye maneno matamu, mwembamba, anamwita kila mwanaume ssebo na kila mwanamke nnyabo, ila kwa baba husema afande, na hilo baba analipenda. Mara ya kwanza aliweka plagi mpya. Gari likatulia wiki mbili, tukamshukuru Mungu, likarudia. Mara ya pili akabadilisha koili, ile inayozipa plagi umeme. Hakuna. Mara ya tatu akatoa nozeli, zile zinazopuliza petroli ndani ya injini, akazisafisha na kuzirudisha. Siku tatu, likarudia. Mara ya nne akachukua bisibisi akazungusha skrubu fulani mpaka injini ikawa inanguruma hata gari likiwa limesimama, akasema, "Sasa haiwezi kuzima tena."

Mama akamwambia, "Hii ni kama kupigia mgonjwa kelele ili asilale."

Makanika akacheka. Baba akacheka. Wiki iliyofuata gari likawa linanguruma na kutetemeka kwa pamoja, akaitwa mara ya tano, na ndipo alipomtaja mtu wa Katwe.

Kitu kilichoniuma zaidi si bisibisi. Ni kwamba katika mara zote nne, makanika alimuuliza baba. "Afande, gari inafanyaje?" Na baba, ambaye hajakaa kwenye usukani wa gari lile tangu mwaka jana, alisimama na mikono nyuma akaeleza kwa kirefu. Mama anaendesha kila siku ya Mungu. Anajua gari lile linakohoa wapi, kwenye kilima kipi, likiwa limebeba nini. Mara ya tatu alijaribu kusema. Nakumbuka neno kwa neno:

"Na ile mshale ya joto haipandaka. Inakaa chini tu, hata nikifika Wandegeya."

Makanika akamtazama kwa huruma. "Maama, hiyo ni baraka. Wenzako wanalia gari zinachemka, wewe unalia ya kwako iko baridi."

Baba akasema, "Wewe rudi jikoni, hapana leta maneno mingi."

Mama akarudi jikoni. Mimi pia nikaingia ndani, nikaandika maneno ya mama kwenye daftari, siyo kwa sababu nilijua yana maana gani, ila kwa sababu niliona yametupwa na nikayaonea huruma.

Sasa baada ya baba kusema "Sawa", tulikuwa Jumanne. Nilikuwa na Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Ilikuwa likizo, mvua ya asubuhi kila siku, na mimi sina marafiki wengi wa kutembelea.

Nilianza na plagi za zamani. Makanika alizitupa karibu na ukuta, na mimi nikaziokota zote nne nikazipanga kwenye gazeti. Zilikuwa nyeusi tii, masizi makavu kama yale ya chini ya sufuria. Nilizigeuza na kuzigeuza nikitafuta moja iliyo tofauti. Hakuna. Zote nne zilikuwa nyeusi sawasawa, kama dada wanne.

Hapo nikakumbuka shule. Mimi ni wa bweni, sinia ya tano, yaani kidato cha tano. Msichana mmoja akiumwa tumbo, unamuuliza alikula nini, alinunua chapati ya nani. Bweni zima likiumwa tumbo, humuulizi mtu. Unakwenda jikoni kuangalia posho, ule ugali wa wote. Makanika alikuwa ametumia mwezi mzima akimuuliza msichana mmoja mmoja: wewe plagi, wewe koili, wewe nozeli. Kumbe wote waliumwa ugonjwa mmoja siku moja. Shida ilikuwa kwenye chakula chao. Walikuwa wanalishwa petroli nyingi kuliko hewa, na petroli isiyoungua vizuri huacha masizi. Hilo ni kemia ya sinia ya pili. Nilikasirika hata kabla ya kujua jibu, kwa sababu plagi zile zilikuwa zimelala pale ukutani mwezi mzima zikitoa ushahidi na hakuna aliyeinama.

Lakini nani alikuwa anawapa petroli nyingi hivyo? Jumatano usiku niliomba simu ya mama nikasoma. Gari la namna ile lina kompyuta ndogo inayopima petroli. Watu wa kwenye mtandao walitaja sababu nyingi mpaka nikachoka: mipira iliyopasuka inayovuta hewa ya wizi, kichujio kilichoziba, vipimo vilivyokufa. Asubuhi ya Alhamisi, mama akiwa anaosha mchele, niliwasha gari, nikafungua boneti na kunyunyizia maji ya chupa kwenye kila mpira wa hewa nilioufikia. Kama upo uliopasuka, maji yanavutwa na mngurumo unabadilika. Haukubadilika. Kichujio nilikitoa, kilikuwa kisafi. Jirani yetu, mke wa koplo, alinikuta nimeinamia injini akasema, "Eeh, afande kapata askari mpya." Nilitaka kuingia chini ya gari nisitoke tena.

Saa tano nilimwambia mama nakwenda naye Wandegeya. Alishangaa, maana mimi huchukia kwenda kule, vijana wa hosteli wanapenda kunisemesha. Nilikaa mbele, sufuria ya sombe miguuni, na macho kwenye ule mshale wa joto. Tulipita Kamwokya kwenye foleni ndefu. Tulipanda, tukashuka, tukapanda kuelekea Mulago. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa kama mtu aliyekataa kuamka. Tulifika Wandegeya, gari likitetemeka, mshale bado chini.

"Nilisemaka," mama akaniambia, akiwa hajatoa macho barabarani.

"Ulisema," nikamjibu. Ndiyo mazungumzo tuliyofanya safari nzima.

Inawezekana mshale wenyewe umekufa. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na limepoa, niliwasha na kushika kwa mkono ule mpira mnene wa juu unaopeleka maji kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, mahali maji yanapopozwa. Nilikuwa nimesoma kwamba mpira ule unatakiwa ubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla uwe wa moto. Sababu yake ni thamostati. Ni kifaa kidogo, unaweza kukificha kwenye kiganja, kinakaa njiani kama mlango. Maji yakiwa baridi mlango umefungwa, yanazunguka ndani ya injini tu ili injini ipate joto haraka. Yakipata moto wa kutosha mlango unafunguka, yanakwenda kupozwa. Nilisubiri. Mpira haukubaki baridi. Ulianza kuwa vuguvugu polepole tangu mwanzo, vuguvugu la maji ya kuogea mtoto, na ukabaki hivyo.

Hapakuwa na mlango.

Nilikaa kwenye ngazi, na yote yakaja kwa mstari mmoja. Maji yanakwenda kupozwa tangu gari linapowashwa, kwa hiyo injini haipati joto kamwe. Kompyuta inapima maji, inaona ni baridi, inadhani gari limeamka sasa hivi, inalipa petroli ya ziada kama uji wa asubuhi. Nusu saa baadaye inapima, bado baridi, inatoa uji tena. Siku nzima uji. Plagi zinapakwa masizi, injini inakosa pumzi, inatetemeka. Plagi mpya zinasaidia wiki mbili mpaka nazo zinapakwa. Kila kitu kilichokuwa kimetokea kilikaa mahali pake, na mama alikuwa amekisema kwa sentensi moja akarudishwa jikoni.

Nilimwendea na boksi la mafuta ya kupikia nililolikata.

"Nataka kufunika rejeta nusu. Isipate upepo mwingi. Tuone kama ikipata joto itatulia."

Mama akaangalia boksi, akaniangalia. "Utaua gari ya watu, mama." Huniita mama akiwa na wasiwasi.

"Inakufa kesho."

Akavua aproni. Tuliingiza boksi mbele ya rejeta, tukawasha, tukazunguka kambi mara kadhaa, halafu tukasimama mbele ya nyumba injini ikiwaka. Mama alikuwa kwenye usukani, mimi nimeingiza kichwa dirishani. Mshale ulianza kupanda. Sikuwahi kuuona ukipanda. Ulipanda kwa aibu, ukaacha sehemu ya chini, ukasogea, na ulipokaribia katikati mtetemeko ukaanza kupungua. Si kwa ghafla. Kama mtoto anayelia akisahau kidogokidogo alichokuwa akililia. Vifuniko vya masufuria vikanyamaza. Tukasikia redio ya jirani.

Mama alishika usukani kwa mikono miwili bila kwenda popote.

"Kumbe ilikuwa inasikia baridi," akasema.

Nilitoa boksi mara moja, maana boksi si dawa, ukisahau utachemsha injini kweli. Ndani ya robo saa mtetemeko ukarudi. Hapo nikawa na uhakika.

Ilibaki kumwambia baba. Nilimwomba mama aseme. Akakataa. "Mimi nikisema, atasema niko nalilia gari juu ya biashara yangu. Sema weye. Weye umesoma."

Jioni ile nilikwenda mbele ya baba mara tatu. Alikuwa anatazama habari.

"Baba."

"Eh."

"Hakuna."

Mara ya pili nilimpelekea chai ambayo hakuomba. Mara ya tatu alisema, "Wewe binti, kama unataka nguo sema unataka nguo." Nikaenda kulala. Nilijiandikia daftarini maneno ambayo siwezi kuyanakili hapa, yote kuhusu mimi mwenyewe.

Jumamosi walikuja asubuhi, makanika na mtu wake wa Katwe. Yule wa Katwe alikuwa mnene, mpole, ana kalamu sikioni. Alizunguka gari letu. Nilitegemea angeangalia vitu vya kuvunja, lakini alifungua mlango wa dereva, akakaa, akarekebisha kiti kulingana na miguu yake. Akafunga mlango polepole na kusikiliza unavyofunga. Alipapasa paa. Mama alikuwa anapepeta mchele kwenye ungo, mchele uleule uliokwisha kupepetwa.

Baba akasema, "Hivyo ndivyo iko. Injini imekwisha."

Nikasema, "Thamostati iko wapi?"

Nilisema kwa sauti ndogo sana. Makanika akageuka, "Nini?" Ilibidi nirudie, na kurudia ni kubaya zaidi kuliko kusema mara ya kwanza, kwa sababu sasa wote wanakutazama.

"Thamostati. Haimo ndani. Iko wapi?"

Makanika akatabasamu kwa wote. "Eee, mtoto wa afande amesoma. Hiyo tulitoa, nnyabo. Zamani. Ni kitu cha nchi za baridi. Wazungu wanaweka kwa sababu kwao kuna barafu. Hapa Uganda jua iko, ya nini? Inaziba maji tu. Gari zote tunatoa."

Aliyasema hayo akiwa amevaa jaketi, zipu hadi kidevuni, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nililitazama jaketi lile na uvumilivu ukaniishia. Nimesikia maneno yake maisha yangu yote kwa sura nyingine. Maabara yetu ya shule haina mashine za kuvuta moshi wa kemikali kwa sababu hapa madirisha yanatosha. Vitabu vikikosa kurasa, hizo kurasa zilikuwa za wenzetu. Kila kitu kikitolewa tunaambiwa hakikuwa chetu. Wenye gari walichora injini, wakapima, wakaweka mlango pale, halafu mtu mmoja na spana anautoa na kuutupa, na gari likianza kuumwa anasema ni uzee.

"Jua la Uganda halipiki maharage," nikasema. "Mama anapika kwa mkaa. Injini nayo inataka moto wake, kiasi chake, haijali nje kuna jua. Mama alikwambia mshale haupandi. Alikwambia hapahapa."

Nilikimbia ndani, wakadhani nimekimbia kulia, nikarudi na plagi nne kwenye gazeti. Nikaziweka juu ya boneti. Nikaeleza boksi. Mama akasema kutoka kwenye ungo, "Ni kweli. Tulijaribu jana. Ilitulia."

Makanika hakuzigusa plagi. Alimtazama baba. Alimtazama kwa namna ambayo nilielewa kabla hajafungua mdomo.

"Afande, si ni wewe mwenyewe ulisema nitoe."

Baba aliangalia plagi. Mwaka jana gari lilichemka njiani kutoka msikitini, hilo nalikumbuka. Sikujua kilichofuata. Baba alikieleza pale, kwa kifupi, akiwa hamtazami mtu: zamani wakati wa vita, yeye na wenzake walipokuwa na malori kaskazini, lori moja lilichemka katikati ya safari mahali ambapo huwezi kusimama. Dereva alivunja thamostati kwa nyundo, lori likatembea, wakafika wote wakiwa hai. Tangu siku ile, kila gari linalopita mikononi mwake, hicho ndicho cha kwanza kutolewa.

"Ile lori ilikuwa ya dizeli. Haikuwa na kompyuta," nikasema, safari hii kwa upole. Sikuwa nimejiandaa kumhurumia.

Pale pale mtu wa Katwe, kwa ule upole wake, akaamua kusaidia. "Afande, usijali. Mimi nachukua hivyohivyo. Body nzuri hii, siwezi kuvunja. Naweka thamostati, napiga plagi, binti yangu anaendea kazini. Gari nyingi tunapata hivi, shida ni hiyo tu."

Mama aliacha kupepeta. Yule bwana alitutazama mmoja baada ya mwingine, polepole akatoa kalamu sikioni akaitia mfukoni, kama mtu aliyegundua kwamba amesema mbele ya polisi.

Mimi nilimtazama makanika. Sijui hata leo kama alijua. Ikiwa alijua, ni mwizi. Ikiwa hakujua, amefungua magari ya watu miaka yote hiyo akiwa haelewi anachokitoa. Nimejaribu kuchagua lipi ni afadhali na nimeshindwa. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Baba akamwambia mtu wa Katwe, "Rudi kwako." Akamgeukia makanika. "Wewe. Leta thamostati. Leo."

Aliileta saa nane. Aliifunga bila maneno matamu hata moja, akajaza maji, akarudisha ile skrubu aliyoizungusha, akasafisha plagi. Nilisimama karibu kuangalia kila kitu, na alijua naangalia, na safari hii sikuona aibu. Gari likawashwa. Mshale ukapanda mpaka katikati, ukakaa. Injini ikanguruma sauti moja, ndogo, ya kusahaulika. Baba alisikiliza, akasema "Sawa", akaingia ndani kuswali.

Ningependa kuishia hapo. Ila Jumapili jioni maafande watatu walikuja kukaa na baba nje. Nilikuwa naanua nguo. Mmoja akauliza gari limepona vipi, na nikamsikia baba, kwa Kiswahili chake chenye nguvu:

"Mimi nilimuuliza tu makanika swali moja. Thamostati iko wapi? Akaanza kunisomea mambo ya nchi za baridi. Nikamwambia, wewe, jua ya Uganda inapika maharage?"

Wakacheka sana. Mmoja akasema, "Afande, wewe ungekuwa CID." Baba aliniona kwenye kamba ya nguo. Macho yetu yalikutana. Akaongeza, "Hata watoto wangu wanajua hizo vitu. Niliwafundisha." Halafu akaomba chai.

Niliwapelekea chai. Ndiyo, niliwapelekea, na sukari pia, na nikamwekea kila mtu kikombe kwenye sahani.

Jumatatu nilipanda tena na mama kwenda Wandegeya. Tulisimama kwenye foleni ya Kamwokya, gari kimya kabisa, harufu ya samaki peke yake ndani. Nilikuwa nimenuna tangu jana na mama anakujua kununa kwangu, ni kimya kilekile cha siku zote ila kina pembe.

"Ameiba maneno yangu," nikasema mwishowe. "Hata yale ya maharage."

"Nilisikia."

"Na wewe hukusema kitu."

"Gari iko hapa, ao haiko?" Mama aligonga usukani kwa kidole. "Mama, sikia. Unataka gari, ao unataka sifa?"

Nilifikiri. Mbele yetu magari yalianza kusogea.

"Vyote viwili."

Mama alicheka mpaka akachelewa kuondoka, wa nyuma wakatupigia honi. Mimi sikuwa natania.